Tulikubaliana Tusizidi

Wanachuo wenzangu, kwenye matokeo yangu ya mwaka wa tatu kuna A moja ambayo kila nikiiona naona aibu. Sikuibia mtihani, wala sikulipa mtu wa steshenari anifanyie kazi. Niliipata kihalali kabisa, mimi na wenzangu kumi na wanne, na mpaka leo hakuna aliyetuuliza kitu. Nimeona niandike mwenyewe, kwa sababu baadaye nilikuja kugundua kwamba makampuni makubwa ya magari ya Ujerumani yalifanya jambo lilelile tulilofanya sisi, na yakatozwa faini.

Mimi ni mtoto wa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Wanaotoka kule wanajua habari ya maji yetu. Yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, meno hayo yanatoka na madoa ya kahawia. Ukiyanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo inaumia: mgongo unakakamaa, miguu inapinda. Bibi yangu aliyenilea hawezi kuinua kichwa akaangalia juu ya mti. Mimi nina meno tu. Mwaka wa kwanza hapa chuoni nilikuwa nacheka nimefunga mdomo, na mwenzangu wa chumbani alidhani naringa.

Basi mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, ukaja mradi wa kutengeneza kichujio cha nyumbani cha kupunguza floraidi. Mnaweza kufikiria nilivyofurahi. Kampuni moja ilitoa pesa za vifaa na zawadi kwa kundi litakaloshinda, pamoja na nafasi za field, kupitia mpango wake wa uwajibikaji kwa jamii. Tulikuwa makundi matatu ya watu watano watano. Sharti lilikuwa moja: maji yakipita kwenye kichujio, floraidi ishuke chini ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani.

Njia tuliyoitumia wote inajulikana, na imefanyiwa kazi kwa miaka kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kulekule kwetu. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, unaisaga iwe punje, unaipanga kwenye ndoo. Maji yakipita, floraidi inanasa kwenye mkaa ule. Shida yake ni moja. Mkaa unashiba. Siku ukishiba, maji yanapita na floraidi yake yote, na wewe hujui, kwa sababu rangi ni ileile na ladha ni ileile.

Wiki ya tatu tukakutana makundi yote kwenye vimbweta, jioni, baada ya kipindi. Mambo mengi tuliyokubaliana yalikuwa mazuri. Tulichanga pesa tukanunua mifupa pamoja machinjioni. Tukapangiana zamu ya tanuru. Tukakubaliana kutumia ndoo za ukubwa mmoja ili vipimo vyetu vilinganishike. Halafu kiongozi wa kundi B akasema, "Jamani, tusichoshane. Maelekezo yanasema chini ya 1.5, basi. Mtu asituletee mambo ya kupima kichujio kinadumu wiki ngapi. Akipima mmoja, wote tutatakiwa kupima, na mitihani hiyo hapo."

Watu wakacheka. Kila mtu akasema sawa. Na mimi, mwenye meno haya, nikasema sawa. Nilikuwa na kozi mbili zinaninyima usingizi, boom lilikuwa limeisha, na kupima kichujio kila siku kwa miezi si mchezo. Nilijiambia kwamba hii ni asainimenti tu.

Siku ya wasilisho vichujio vyote vitatu vilifaulu. Jopo lilitupongeza. Mwakilishi wa kampuni akapiga picha na sisi, tumeshika ndoo. Hakuna aliyeuliza kinadumu muda gani. Tukapata A wote, kundi A likachukua zawadi.

Likizo nikambeba bibi ndoo moja. Nikamwonyesha pa kumimina, pa kukinga, nikamweleza mpaka habari ya mifupa. Akasikiliza vizuri, halafu akauliza, "Sasa mjukuu wangu, dawa ikiisha humo ndani nitajuaje?"

Nikamwambia nitamletea jibu.

Niliporudi chuoni muhula wa pili nilikuwa nimejiandikisha kozi ya hiari ya uchumi wa viwanda, hasa kwa sababu ratiba yake haikugongana na maabara. Wiki ya nne mhadhiri akatuletea mada: kampuni zinazoshindana zikifanya utafiti pamoja, jamii inapata au inapoteza? Nikajua hapo kwamba wale watu wa kwenye vimbweta nimewahi kukutana nao.

Swali hili si jepesi. Kampuni mbili zikikaa pamoja kupanga bei, kila mtu anajua ni kosa. Sheria yetu ya ushindani ya mwaka 2003 inalikataza. Lakini zikikaa pamoja kutafiti, sheria za nchi nyingi zinalegeza kamba, kwa sababu utafiti ni ghali na maarifa huvuja. Mhandisi anahama kampuni na kichwa chake. Bidhaa inanunuliwa dukani, inafunguliwa, inaigwa. Ukijua kwamba jasho lako litavunwa na mpinzani, unaona bora usitoke jasho.

Mwaka 1988 wachumi wawili wa Ubelgiji, Claude d'Aspremont na Alexis Jacquemin, waliliweka jambo hili kwenye hesabu. Walichukua kampuni mbili, kila moja ikitafiti namna ya kupunguza gharama zake, na sehemu ya matunda ya utafiti ikivuja kwenda kwa mwenzake. Jibu lao linategemea kiasi cha kuvuja. Kama zaidi ya nusu ya maarifa yanavuja, kampuni zikishirikiana zinatafiti zaidi kuliko kila moja kivyake. Kama yanavuja kidogo, zikishirikiana zinatafiti kidogo, kwa sababu kila moja inaona hatua yake mbele ni pigo kwa mwenzake, na sasa wamekubaliana wasipigane. Hapo mpo? Meza ni ileile, lakini inaweza kuongeza kazi au kuipunguza.

Sasa ongeza uwajibikaji kwa jamii. Wachumi huuingiza hivi: kampuni haihesabu faida yake peke yake, inahesabu pia sehemu ya nafuu anayoipata mnunuzi. Ukikaa na hesabu hiyo utaona inabadilisha moyo wa kampuni pale mezani. Mpinzani akipiga hatua, bei ikashuka, kampuni inayojali haioni hasara tupu, kwa sababu wanunuzi wamepata, na wanunuzi wamo kwenye daftari lake. Kwa hiyo inakuwa rahisi zaidi kwake kumpa mwenzake alichogundua, na sababu ya kumzuia mwenzake asiende mbele inapungua. Kwenye karatasi, uwajibikaji unafanya ushirikiano uwe salama zaidi.

Niliinua mkono nikauliza kama kwenye maisha ya kweli iko hivyo. Mhadhiri akasema tukasome kesi ya magari ya dizeli.

Nikaenda kusoma, nikakuta hivi. Moshi wa dizeli una oksidi za naitrojeni, ambazo zinaumiza mapafu. Njia mojawapo ya kuzipunguza ni kupulizia kwenye moshi mchanganyiko wa urea na maji unaoitwa AdBlue. Ukipulizia zaidi, moshi unakuwa safi zaidi, lakini tangi la AdBlue linaisha haraka, au inabidi liwe kubwa. Wahandisi wa Daimler, BMW na kundi la Volkswagen, lenye Audi na Porsche ndani yake, walikuwa wanakutana mara kwa mara kujadili teknolojia hiyo. Kukutana kwenyewe hakukuwa kosa. Baadhi ya waliyokubaliana yalikuwa ya maana, kwa mfano mdomo wa tangi uwe wa aina moja ili dereva ajaze popote.

Lakini Tume ya Ulaya ilikuta kwamba kwa miaka mitano, kuanzia 2009 hadi 2014, walikubaliana pia ukubwa wa matangi, umbali ambao gari litakwenda kabla ya kujaza tena, na wastani wa matumizi ya AdBlue. Kwa maneno mengine, kila mmoja alipata uhakika kwamba mwenzake hatasafisha moshi kuliko kiwango kinachotakiwa na sheria, ingawa teknolojia ya kusafisha zaidi walikuwa nayo. Julai 2021 Tume iliwatoza Volkswagen na BMW faini ya jumla ya takriban yuro milioni 875. Daimler haikulipa kitu kwa sababu ndiyo iliyofichua. Tume ilisema ni mara ya kwanza kuona kwamba makubaliano ya kubana maendeleo ya teknolojia peke yake, bila kupanga bei wala kugawana masoko, ni njama dhidi ya ushindani.

Niliisoma sehemu ile nikiwa kafteria, na chai ikapoa. Kiwango kinachotakiwa, basi. Akipima mmoja, wote tutatakiwa kupima. Hawa watu walikuwa kwenye kimbweta chetu!

Na msidhani ni tabia ya Wajerumani au ya zama zetu. Marekani, mwaka 1955, watengenezaji magari walisaini mkataba wa kubadilishana hataza za vifaa vya kupunguza moshi, bila kulipana. Kwa nje ulikuwa mkataba wa kupendeza: wapinzani wanaweka maarifa pamoja kwa ajili ya hewa ya Los Angeles. Mwaka 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki kwamba waliutumia ushirikiano huo kuchelewesha vifaa hivyo, na kesi ikaisha kwa maafikiano mwaka huohuo.

Kilichonisumbua ni kwamba makampuni haya si yale yasiyo na ripoti za uwajibikaji. Septemba 2015 Volkswagen ilitajwa kinara wa sekta ya magari kwenye faharasa ya Dow Jones ya kampuni endelevu. Oktoba mwaka huohuo ikaondolewa, baada ya kashfa nyingine ya dizeli, ile ya programu za kudanganya vipimo vya moshi. Je, hesabu ya wachumi ilikosea?

Jibu rahisi ni kwamba uwajibikaji wao ulikuwa wa kwenye kalenda na fulana, si wa kwenye daftari. Linaweza kuwa kweli, lakini kwangu halitoshi. Rudini kwenye hesabu: kampuni inayojali inahesabu nafuu ya mnunuzi. Sasa jiulizeni, mnunuzi wa gari la dizeli anataka nini? Anataka buti kubwa, na hataki kusumbuliwa kujaza AdBlue kila mara. Tangi dogo lenye matumizi madogo linamfaa yeye vizuri tu. Anayekula hasara ni mtu anayesubiri basi kando ya barabara akivuta ule moshi, na huyo hakununua gari. Kampuni inaweza kumjali mteja wake kwa moyo wote na bado ikakaa mezani kukubaliana kumuumiza mtu ambaye hayumo kwenye daftari.

Hapo ndipo nilipojiona. Na sisi tulikuwa na mteja. Mteja wetu alikuwa jopo, na sarafu yake ilikuwa maksi. Tulimhudumia vizuri sana, akaondoka ameridhika. Bibi yangu hakuwa mteja. Alikuwa mnywaji.

Tangu hapo, nikisikia kampuni zinazoshindana zimeungana kutafiti kwa manufaa ya jamii, nauliza maswali mawili. La kwanza: mmoja wao akitaka kwenda mbele zaidi ya walichokubaliana, anaruhusiwa? La pili: nani anaumia na hayupo mezani?

Mwaka 1959 Volvo ilianza kufunga kwenye magari yake mkanda wa pointi tatu uliobuniwa na mhandisi wake Nils Bohlin, ikawaachia wapinzani wautumie bila kuwatoza. Leo ukipanda gari la kampuni yoyote mkanda ni huohuo. Ile ilikuwa sakafu: kila mtu asimame angalau hapa, na anayeweza kupanda apande. Hakuna aliyekatazwa kuongeza usalama mwingine juu yake. Makubaliano ya AdBlue yalikuwa dari.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline iliweka hadharani zaidi ya kemikali 13,500 zilizoonyesha uwezo dhidi ya vimelea vya malaria, ili watafiti wengine, wakiwemo wa kampuni pinzani, wazifanyie kazi. Ni jambo jema na sina neno baya nalo. Ila tuwe wakweli: malaria ni ugonjwa wa watu wasio na pesa, kwa hiyo kampuni inayogawa maarifa hayo inajinyima soko dogo. Kipimo kigumu zaidi cha uwajibikaji ni pale ambapo kugawa kunauma, au pale ambapo kuzidi kiwango kunamgharimu anayezidi na kuwaudhi wenzake.

Kuwaudhi wenzake. Hapo nilikwama wiki nzima. Nilijua naweza kwenda kwa mhadhiri nikasema kila kitu, kama Daimler, na huenda mimi nikasamehewa. Lakini Daimler nayo ilikuwa mezani miaka yote mitano. Na mimi nilisema sawa kwa mdomo wangu, hakuna aliyenilazimisha. Nikaona kwanza niongee na tuliokubaliana.

Niliandika kwenye grupu la WhatsApp la mradi, ambalo lilikuwa limekufa tangu wasilisho. Niliwaeleza swali la bibi. Kimya siku mbili. Halafu mmoja wa kundi A akajibu, "Dada, tumeshamaliza na tumeshapata A, unataka disko?" Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Usiku kiongozi wa kundi B, yuleyule wa "tusichoshane", akanipigia. Akasema hajalala vizuri. Kwao ni Singida, na maji yao nayo yana floraidi. Sikuwahi kujua. Alinichekea na meno yake meupe miaka mitatu; alikulia kwa mjomba wake Dar es Salaam.

Tukabaki watu saba kati ya kumi na tano, kutoka makundi B na C. Tulikwenda wote kwa mhadhiri tukamweleza. Alikaa kimya, akasema maksi hazibadiliki kwa sababu tulitimiza sharti, na kwamba na yeye alipaswa kuuliza. Akatupa ufunguo wa maabara jioni.

Safari hii tuligawana kazi kwa namna nyingine. Kundi moja lilipima punje kubwa, jingine punje ndogo, jingine mkaa uliochomwa kwa muda mrefu zaidi. Kila mtu aliona vipimo vya mwenzake siku ileile. Makubaliano yalikuwa mawili tu: hakuna kuficha namba, na anayetaka kupima kitu cha ziada apime. Kila jioni tulimimina ndoo baada ya ndoo ya maji tuliyoyatia floraidi kiasi cha yale ya kwetu, tukaandika. Kabla ya muhula kuisha, vichujio viwili kati ya vile vitatu vya A vilikuwa vimeshavuka 1.5. Kimoja ndicho cha aina niliyompelekea bibi.

Nilimpigia simu siku hiyohiyo, nikamwambia aache kukitumia. Akaniuliza kwa upole kama ndiyo jibu nililoahidi. Nikamwambia bado.

Tumewaandikia wadhamini barua, tukipendekeza sharti la mwaka ujao liwe pia kichujio kinadumu kwa ndoo ngapi, na matokeo ya makundi yote yawekwe wazi. Mpaka naandika haya hawajajibu. Ninyi wa mwaka wa pili mtakaopewa mradi huu, data zetu ziko maabara kwenye faili la kijani. Zitumieni, zirekebisheni, mzizidi. Na mkikutana kwenye vimbweta kugawana mifupa na tanuru, gawaneni, lakini mtu asiwaambie mwisho wa kupima.

Bibi sasa ana ndoo mpya, yenye punje ndogo. Kila akimimina ndoo ya maji anachora mstari wa mkaa ukutani, nyuma ya mlango. Nimempa idadi, na tumeipunguza kidogo kwa usalama, kwa sababu maji ya kijijini si ya maabara. Mistari ikifika hapo atanipigia, nami nitakwenda na mkaa mwingine. Jumapili iliyopita alisema amefika nusu.